Hatari ya Mtu Mmoja ni ya Nani?



Liko neno moja ambalo vijana hulisema sana siku hizi, na wazee nao hulisema wakikasirika: "Maisha ni yangu." Mwenye kulisema hudhani amekwisha kufunga mlango, wala hapana awezaye kumjibu. Nami nimeliwaza kwa muda mrefu, maana ukilitazama juu juu ni neno la kweli. Maisha ya mtu ni ya nani kama si yake? Hakuna awezaye kulala usingizi kwa niaba yangu, wala kuumwa jino kwa niaba yangu. Mtume Paulo, katika mlango wa 6 wa waraka wake kwa Wagalatia, aya ya 5, afundisha kwamba kila mmoja ana furushi lake la kubeba. Lakini katika aya ya 2 amekwisha kuagiza kwamba tusaidiane mizigo. Walimu wengi wameniuliza maneno hayo mawili yapatanaje. Leo sitayafafanua. Nataka kueleza jambo nililoliona mtoni katika nchi ya Ujerumani, kwa kuwa huko swali hili lilisimama mbele yetu kama ukuta wa mawe, na maji yalikuwa yakimwagika juu yake.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi cha Ulaya, nilialikwa na marafiki wa usharika mmoja wa Bavaria, wenye urafiki na usharika wetu, niende nao safari ya mtoni kwa siku sita. Tulikuwa watu watano. Alikuwapo mwalimu wa shule aliyestaafu, mzee wa miaka zaidi ya 70, ambaye mto ule aujua kama mimi nijuavyo njia ya kwenda kanisani. Alikuwapo mama mmoja muuguzi wa hospitali, mwenye watoto wawili. Alikuwapo mchungaji wa usharika, na kijana seremala wa miaka 26, mpiga kafi hodari kutupita sote. Wa tano ni mimi.

Mto wenyewe waitwa Altmühl. Urefu wake ni zaidi ya kilometa 220, nao huishia katika mto mkubwa wa Danube penye mji wa Kelheim. Wenyeji husema ndio mto wenye mwendo wa polepole kuliko yote ya Bavaria, na kwa sababu hiyo watu wengi huupenda kwa safari za namna hii, hata wenye watoto wadogo. Tulianzia Treuchtlingen. Karibu na hapo, katika kijiji kiitwacho Graben, yaani "Handaki", mfalme Karolo Mkuu alichimbisha mfereji mwaka 793, akitaka kuunganisha mto huu na ule uitwao Rezat, ili merikebu ziweze kupita kutoka Danube mpaka Rhine. Kingo za mfereji ule zaonekana hata leo, zimeota miti. Karne nyingi baadaye wengine walijaribu tena. Mfereji wa mwisho ulifunguliwa mwaka 1992, nao umeimeza sehemu ya chini ya Altmühl, kutoka Dietfurt hata Kelheim, na huko sasa hupita meli za mizigo. Kuliko hayo yote mimi nilifurahia kuliona jiwe la Solnhofen. Ni jiwe la chokaa lililo laini na sawasawa kama ubao wa meza, na kwa jiwe hilo Alois Senefelder aligundua namna mpya ya kupiga chapa mwishoni mwa karne ya 18. Sisi tusomao magazeti na vitabu tuna deni kidogo kwa milima ile. Chini kidogo ya Solnhofen yako majabali yaliyosimama juu ya mto kwa safu, nao huyaita Mitume Kumi na Wawili. Niliyahesabu, lakini sikupata kumi na wawili. Mwenyeji wangu akaniambia hesabu hutegemea imani ya mwenye kuhesabu.

Yafaa sasa nieleze chombo chenyewe. Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wenye tundu moja la kukalia, au mawili. Mwenye kuuendesha hukaa chini kabisa, miguu ameinyosha mbele, naye hushika kafi moja lenye mabapa mawili, huku na huku, akivuta maji kuume na kushoto kwa zamu. Asili yake si Ulaya. Waliobuni kayaki ni Wainuiti, watu wa Greenland na nchi nyingine za barafu, nao waliitumia kuwinda mnyama wa baharini aitwaye sili. Kiunzi chake kilikuwa cha mti uliookotwa ufuoni au cha mfupa, na juu yake ngozi za sili. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja Mjerumani, Alfred Heurich, alibuni kayaki ya kukunjwa, iliyoweza kuchukuliwa katika gari la moshi kama mzigo, na baada ya miaka michache fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, Johann Klepper, akaanza kuziunda na kuziuza. Hivyo chombo cha kutafutia chakula kikawa chombo cha kupumzikia.

Usiku tulilala katika mahema, katika viwanja vilivyowekwa kwa kazi hiyo kando ya mto, maana huruhusiwi kupiga hema popote upendapo. Nilipowasimulia walimu wetu habari hiyo walicheka sana. Mmoja akaniuliza, "Watu hao wana nyumba za mawe zenye vitanda, na huenda kulala chini kwa hiari yao?" Ndivyo. Tena usiku wa kwanza mvua ikanyesha, hema la mchungaji likavuja, akaja kulala katika langu pamoja na viatu vyake vyenye matope. Taabu ya namna hii ni taabu iliyotafutwa, nayo haina uzito wa taabu ya mtu asiye na paa. Mimi siilinganishi nayo, wala wenzangu hawakuilinganisha.

Hata siku ya pili, karibu na adhuhuri, tulifika penye kinu cha zamani. Mto ule una vinu vingi vilivyokuwa vikiendeshwa kwa nguvu za maji, na penye kinu watu wa kale walijenga ukuta wa kuukata mto, ili maji yapande na kuingia katika mfereji wa gurudumu. Vinu vingi havisagi tena, ila kuta zimebaki. Mtu ajaye kwa mtumbwi kutoka juu haoni kitu. Huona maji yametulia kama ya bwawani, kisha mstari ulionyooka toka ukingo hata ukingo, kana kwamba mto umekatwa kwa kisu, na ng'ambo ya mstari huo ni vilele vya miti tu. Mvumo ndio umwonyao.

Tulitua, tukaenda kwa miguu kuutazama. Haukuwa mrefu, mtu mzima akisimama chini yake angeuona ukingo wake wa juu. Lakini mwalimu mzee akatuonyesha kwa kafi lake jinsi maji yafanyavyo. Yakianguka huzama mpaka chini, kisha hupanda na kurudi nyuma kuuelekea ukuta, yakiviringika mahali pamoja. Gogo likiangukia humo huvutwa tena chini ya maporomoko, huzama, huibuka, na kuvutwa tena. Hivyo ndivyo mtu naye awezavyo kushikwa, hata akiwa amevaa jaketi la kuelea, mpaka nguvu zimwishie. Ukuta mfupi kama ule waweza kuwa mbaya kuliko mrefu, kwa kuwa haumtishi mtu.

Kibao cha kukataza kilikuwapo, na njia ya kubebea mitumbwi ilikuwa imefyekwa kandokando. Kwa hiyo, kama shauri lingekuwa la sheria tu, lingekwisha pale pale. Lakini kijana hakuijali sana ile sheria, wala wenziwe hawakutaka kumnyamazisha kwa kibao.

Akasema, "Maji ni mengi leo, yatanipitisha. Nimepita penye mabaya kuliko hapa. Ninyi bebeni mitumbwi yenu, wala sitawacheka. Sikumwomba mtu anifuate. Maisha ni yangu."

Yule mama muuguzi akamjibu, "Maisha ni yako. Lakini mikono itakayokutoa humo ni yetu."

"Basi msinitoe," akasema kijana. "Nawaachilia. Nikishikwa, niacheni."

Tulinyamaza sote. Kijana hakusema kwa kiburi. Alisema kwa moyo safi, akidhani kwamba amekata ile kamba iliyomfunga kwetu, na kwamba sasa amebaki na hatari yake peke yake, kama mtu aliyelipa deni lake dukani na kutoka.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji wangu walipime. Je, mtu aweza kuwaachilia wenziwe wasimwokoe? Nikikukopesha fedha, naweza kukusamehe, kwa sababu deni ni langu. Nilisamehe au nilidai, ni hiari yangu. Lakini wajibu wa kumtoa mtu majini hautokani na mapatano. Hatukupatana na kijana yule kabla ya safari kwamba akizama tutamtoa. Kama angekuwa mgeni ambaye hatujamwona kamwe, wajibu ungekuwa ule ule. Deni asilolitoa yeye hawezi kulisamehe yeye. Tena fikirini alichotuomba kwa hakika. Alituomba tukae majanini na kumtazama akizama na kuibuka, kisha tuseme, "Tulipatana." Ili mama yule aweze kufanya hivyo, ingempasa kwanza aue kitu ndani yake ambacho amekilisha kwa miaka yote ya kazi yake wodini. Ombi la namna hiyo ni kubwa kuliko ombi la kuokolewa.

Wala haikuishia hapo. Kama mama angeingia majini kumtoa, na mto ukawachukua wote wawili, watoto wake walikuwa nyumbani kwa bibi yao, wala hawakujua habari ya ukuta wala ya kinu. Nao pia walikuwa wamewekwa juu ya ukuta ule bila kuulizwa. Nilikumbuka wale Wainuiti. Kayaki yao ilikuwa ya mtu mmoja, imepimwa kwa mwili wa mwenyewe, hata mtu mwingine asingekaa humo vizuri. Ukiona chombo kama hicho baharini utasema, huyu yuko peke yake hasa. Lakini ngozi zile zilishonwa na wanawake, mshono kwa mshono, ili maji yasipenye. Na mwindaji asiporudi, nyumba nzima ilikosa nyama na mafuta ya taa. Mtu aliyekuwa peke yake machoni alikuwa amebeba watu wengi.

Kwetu yuko kijana wa bodaboda asiyetaka kuvaa kofia ngumu, naye husema kichwa ni chake. Kichwa ni chake kweli. Kilipopasuka, niliona ni nani aliyekaa wodini majuma sita akimlisha uji kwa kijiko.

Lakini msomaji asikimbilie kunikubali, maana neno hili lina upande wa pili, nao wauma. Watu wakizoea kusema kwamba hatari ya kila mtu ni yao, hawakawii kusema kwamba hatua ya kila mtu ni yao. Nimeketi katika kikao cha ukoo ambapo binti mmoja alikatazwa kwenda chuo cha uuguzi katika mji wa mbali, kwa sababu, walisema, mjini kuna hatari. Hatari ilikuwa ndogo. Hofu ya wazee ndiyo iliyokuwa kubwa. Siku ile kama binti angesimama na kusema, "Maisha ni yangu," mimi ningefurahi. Kwa hiyo neno lile lina kazi yake njema duniani, na bila hilo watu wengine wasingetoka nyumbani kamwe. Basi tutapata wapi kipimo, cha kumzuia yule wa ukutani na kumwachia yule wa chuoni?

Mwalimu mzee alikuwa na kipimo, nacho alitueleza pale pale kwa maneno machache. Alisema, "Katika safari zetu mtu akisema siwezi, au sitaki, haulizwi sababu. Akisema naweza, huwauliza wenziwe."

Nimelizungusha neno hilo moyoni tangu siku ile, na kadiri ninavyolizungusha laonekana kuwa na akili nyingi. Kukataa na kuthubutu si mambo mawili ya uzito mmoja. Mwenye kukataa huwatwika wenziwe kitu kidogo: kubeba mitumbwi kwa hatua mia mbili na kuchomwa na majani yawashayo. Mwenye kuthubutu huandika hati ya deni kwa majina ya watu wengine. Ni haki hati hiyo isomwe na wenye majina kabla haijatiwa sahihi. Kwa hiyo mwoga anaheshimiwa bila maelezo, na shujaa anatakiwa kueleza. Sisi kwa desturi hufanya kinyume: mwoga humfanya ajieleze mpaka aone haya, na shujaa humpigia vigelegele.

Tena kipimo hicho chaniambia ni nani wa kuulizwa. Huulizwa wale watakaoingia majini. Wazee wa kikao kile hawakuwa watu wa kuingia majini. Binti angepatwa na shida mjini, wasingeuza hata kuku. Mama yake ndiye angeuza mbuzi na kupanda basi kumfuata, naye alikuwa amekwisha kukubali. Hofu peke yake haimpi mtu haki ya kuamua. Aliye tayari kulipa ndiye mwenye haki ya kuulizwa.

Wengine watasema tofauti iko katika haja na mchezo: mvuvi wa ziwani huenda katika upepo kwa sababu ya chakula cha watoto, na kijana yule alitaka kujifurahisha tu. Ni kweli kwamba haja ina uzito, na mvuvi huyo hatumlaumu kama tungemlaumu mcheza. Hata hivyo sitaki kuudharau mchezo. Mwalimu mzee aliniambia kwamba baada ya mkewe kufariki ni mto ule uliomfanya aamke asubuhi. Mtu aweza kuhitaji kitu ambacho jirani hukiita upuuzi. Hivyo haja na mchezo vyasaidia kupima, lakini havitoshi.

Kijana hakujibu neno. Alishika ncha ya mtumbwi wake, nami nikashika ncha ya pili, tukabeba. Hakusema nasi mpaka jioni. Sisemi kwamba alisadiki. Huenda alichoka kubishana.

Jioni ile ile, kiwanjani, walikuja vijana wawili wa kundi jingine, nywele zao zikiwa kavu, nao wakasimulia wakicheka kwamba wameuruka ukuta ule wa kinu na kupita salama. Seremala akatutazama kwa zamu, mmoja mmoja, bila kusema. Mchungaji akainama kukaza kamba ya hema ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Nilimwambia kijana nilivyoona, nami naona vivyo hivyo hata sasa. Huenda yeye naye angepita salama. Sikuwa na sababu ya kumkatalia hilo. Lakini kupita kwao hakukuonyesha kwamba walikuwa na haki ya kupita. Mlevi afikaye nyumbani na gari bila kumgonga mtoto hana wema kumzidi mlevi aliyemgonga. Ana bahati tu, na bahati ile si yake kujisifia. Shauri hupimwa ukutani, kwa yale mtu ayajuayo akiwa amesimama pale, wala halipimwi jioni penye moto. Akaniuliza, "Kwa hiyo kama ningekufa ungesema nilikosa, na kama ningepita ungesema nilikosa?" Nikamwambia, "Ndiyo, kosa lile lile, ila moja lina mazishi." Hakufurahi, lakini alinipa chai.

Siku zilizofuata tulipita mahali ambapo wenyeji wametengeneza mteremko wa kuteleza mitumbwi kando ya ukuta, salama hata kwa watoto. Hapo seremala alitangulia, akapiga kelele za furaha chini kwa chini mpaka ndege wakaruka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, aligeuza mtumbwi wake, akatoka, akasimama majini hata magotini akiwa na kamba mkononi, akitungoja mmoja mmoja mpaka mwalimu mzee, aliyekuwa wa mwisho, alipokwisha kuteremka.

Usiku wa mwisho kabla ya kuagana tulikaa karibu na mji wa Eichstätt, tukipika viazi. Ndipo kijana alipoleta swali lake, naona alikuwa ameliandaa kwa siku tatu. "Na kama chini ya ukuta ule angekuwapo mtoto wa mtu nisiyemjua, naye anazama," akasema, "ningewauliza ninyi kwanza?"

Mimi nilisema upesi, "La." Lakini muuguzi akasema, "Ngoja." Akaeleza jinsi wafundishavyo waokoaji: kwanza nyosha kafi au tawi, kisha rusha kamba, na kuingia mwenyewe majini ni jambo la mwisho kabisa, tena ukiwa umefungwa kamba inayoshikwa na watu ukingoni, maana mwokoaji azamaye huongeza maiti badala ya kuipunguza. "Hata hapo," akasema, "huwezi kwenda bila sisi. Sisi ndio tunaoshika kamba."

"Na kama kamba haifiki?" akauliza kijana.

Muuguzi akachochea moto, akavitazama viazi. Mwalimu mzee alisema vimeiva, navyo vilikuwa havijaiva. Katika barua aliyoniandikia wakati wa Krismasi seremala ameliuliza swali hilo mara ya pili, kwa maneno yale yale, nami sijampelekea jibu.